Mwezi Uliokataa Mahindi Yetu

Mimi si mtu wa kuona haya. Wanangu wanajua, wakwe zangu wanajua, hata mchungaji wa mtaani kwetu anajua, maana nilimwambia mbele ya waumini wake kwamba mahubiri yake ni marefu kuliko masika. Nimezaa, nimezika, nimesomesha wengine hali mimi mwenyewe shule iliniacha mlangoni. Sina cha kumficha mtu. Lakini majuzi nilipita sokoni, nikamkuta mama mmoja amepanga mahindi ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa moshi wa jikoni. Harufu ile ikanipanda puani. Masikio yakaniwaka moto. Mimi, mwanamke mwenye wajukuu wanaonizidi urefu, nikainamisha kichwa kama msichana aliyekutwa kwenye chungu cha watu. Yule mama akaniuliza, “Mama, unatafuta nini?” Nikamjibu sitafuti kitu, nikaongeza mwendo.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka ule wakati. Askari walifungua maduka kwa risasi, na watu wakaingia nyuma yao kubeba mpaka milango. Kampuni ya mgodi ikaacha kulipa, kwanza kidogo kidogo, halafu ikafika mahali hakuna aliyeuliza tena. Unga wa posho, ule wa gunia, ukaisha. Pesa ikawa karatasi ya kufungia karanga. Majirani zetu wa mkono wa kushoto, tuliocheza nao tangu tunatambaa, wakaenda gare, kwenye stesheni ya treni, na magodoro kichwani kwa sababu kwao kwa asili ni mkoa mwingine, na lupangu lao, kiwanja chao na ua wake, likabaki na nyumba wazi, mlango unapigwapigwa na upepo. Sisi watoto hatukuelezwa kitu. Tuliambiwa tulime.

Na Bel-Air, mtaa wetu, nzima ililima. Wanaume waliozoea kuvaa kofia ya mgodi walishika jembe kama mtu anayeshika nyoka. Maua yaliyokuwa mbele ya nyumba yaling’olewa, ukingo wa mfereji ukalimwa, hata nyuma ya goli la mpira kukatokea tuta la viazi. Kila lupangu likawa shamba.

Kwetu haikuwa kazi ngeni. Mama yangu alikuwa mtu wa Lukafu, na kwao hawapandi kwa kuangalia mawingu, wanapanda kwa kuangalia anga la usiku. Kinachozaa juu ya udongo, mahindi, maboga, maharagwe, kinaingia ardhini mwezi unapokua, ili uvutane nacho. Kinachozaa chini, karanga na viazi na mihogo, kinangoja mwezi unapokonda. Kuna pia zile nyota ndogo zinazosongamana kama vifaranga chini ya mama yao. Zikitokea jioni upande wa mashariki, mwaka wa kulima umefunguka. Na ile siku ambayo mwezi umekufa, juu hakuna hata ukucha wake, jembe linalala. Haliegemezwi ukutani. Linalazwa chini, mpini na chuma, kwa sababu ardhi iko matangani, na mtu hachimbi kwa mwenye msiba.

Zamani za posho, Baba alimcheka. “Mama Chola,” alikuwa akisema, maana Chola ni mimi, “huu mwezi yako, kampuni inamulipaka?” Mama alikuwa na tuta lake moja nyuma ya choo, la maboga na mchicha wa lenga-lenga, akajibu tu, “Siku kampuni itakufa, mwezi haitakufa.” Kampuni ilipokufa, Baba hakucheka tena. Mwezi ukawa mkuu wa nyumba yetu.

Mbegu zetu zilining’inia jikoni, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mahindi bora ya mavuno yaliyopita, na maganda yake, yamefungwa kwa kamba za gome na kutundikwa juu ya moto wa kuni, ili moshi uyakaushe na wadudu wayaogope. Yalikuwa meusi, yanang’aa kwa masizi. Sisi tuliruhusiwa kuyaangalia tu. Baba alipokwenda Kambove kujiunga na wale wanaochimba madini kwa mikono, alisimama mlangoni mwa jikoni na mfuko wake begani, akanyoosha kidole juu.

“Mama Chola, hata njala ituue, ile hapana kugusa.”

“Weye unaniona miye ni muntu wa kula mbegu?” Mama alimjibu. Alikasirika kweli. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyefunga kitambaa chake kwa nguvu mpaka nyusi zinapanda, na katika maisha yake hakuwahi kuomba chumvi kwa jirani. “Enda na kazi yako. Utarudi utakuta mahindi inakushinda urefu.”

Baba akaenda. Hatukupata habari yake muda mrefu.

Katika siku zile za kungoja, kulikuwa na jioni ambazo tulikula sombe tupu, majani ya muhogo bila ugali, na jioni ambazo tulikunywa chai ya majani bila sukari na kulala. Lakini kulikuwa na jioni nyingine, za sikukuu, Mama alipopika bukari, ugali wetu, ya rangi ya jivu, nzito, yenye ladha ya moshi mpaka kwenye koo. Mimi na mdogo wangu wa kike, Mwansa, tuliipenda kuliko ile nyeupe ya posho. Tulilamba vidole. Nikauliza mbona inanuka moshi. Mama akasema unga uliungua dukani kwa Mama Kavira, ndiyo maana amempa kwa bei ndogo. Tangu hapo, kila jioni, sisi wawili tukamzunguka tukiimba, “Mama, leo utupikie ile ya moshi! Ile ya moshi!” Na Mama wakati mwingine alitupikia. Yeye mwenyewe alikaa pembeni na kusema tumbo linamuuma.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Ardhi ikatoa ile pumzi yake ya joto, na kesho yake asubuhi Bel-Air yote ilikuwa imeinama. Wanapanda. Mama alisimama kwenye matuta yetu yaliyokwisha kutengenezwa vizuri, mikono kiunoni, akasema, “Mwezi haiyafika.”

Nilimwelewa. Mwezi ulikuwa unakonda. Tulingoja ukafa, ukazaliwa upya, mwembamba kama kipande cha kucha. Nikaleta kikapu.

“Bado,” alisema Mama. “Angalia vile inalala. Inalala chali, inamwaga maji. Mbegu itaoza.”

Ukakua, ukawa nusu. Nikaleta kikapu.

“Bado. Iko karibu na ile nyota nyekundu. Ile nyota inaunguza.”

Ukawa mzima, ukang’aa mpaka watoto tukacheza nje bila taa. Bado, umezungukwa na duara, duara ni ugonjwa. Sheria za mwezi zilikuwa zinaongezeka kila siku, na mimi nilizishika zote, nikazihesabu kuwa elimu ambayo watoto wa jirani hawana. Shule ilikuwa imefungwa. Hii ikawa shule yangu. Nilikwenda nayo kwenye bomba la maji nikawafundisha watu.

“Mwenyi kupanda leo, mahindi yake itatoka bila meno!”

Watoto walinicheka. “Batoto ba mwezi! Banakula mwangaza, banashiba!”

“Mutaona,” niliwaambia. “Mutakuya kwetu kupiga magoti.”

Nilikuwa bado nina mapengo ya meno ya utoto, lakini kiburi nilikuwa nacho kizima. Kiburi ndicho kitu ambacho Mama hakukosa kutulisha.

Halafu jambo likatokea ambalo hata sasa nikilikumbuka nasema Mungu naye ana mzaha wake. Mvua ikakatika. Jua likakaa juu ya Bel-Air kama sufuria iliyofunikwa. Mahindi ya watu yaliyochipuka yakajikunja, yakawa rangi ya majani ya chai, na kuku wakamalizia yaliyobaki. Kila lupangu lililopandwa mapema likabaki udongo mtupu. Na letu pia lilikuwa udongo mtupu, lakini letu lilikuwa udongo wenye akili! Nilitembea mtaani kifua mbele. Mama yangu alijua. Mwezi ulimwambia.

Hapo ndipo alipokuja Mama Ngoie. Huyu alikuwa jirani yetu wa mkono wa kulia, mfupi, mwenye ulimi unaokata pande mbili, na alikuwa wa kwanza kumcheka Mama kwa ajili ya mwezi. Siku ile alikuja polepole. Nyuma yake alikuwa Mama Kavira, yule mwenye duka, mke wa mfanyabiashara kutoka Butembo, mtu wa kanisa na wa sauti ndogo, na mtoto mgongoni. Walimkuta Mama mlangoni mwa jikoni anakunja nguo.

“Mama Chola,” alisema Mama Ngoie, “minakuya na kichwa chini. Mwezi yako iko na akili kupita siye bote. Nisamehe mudomo yangu.”

“Mudomo yako ninaizoea,” alisema Mama. Lakini hakutabasamu.

“Sasa unipe hindi moja ya mbegu. Moja tu! Siku utapanda, tutapanda pamoja. Utanionesha.”

Mama aliendelea kukunja nguo ileile. “Ile ni mbegu ya Baba Chola. Minangoja arudi.”

“Moja, mama. Angalia vile ziko mingi pale juu.”

“Nimesema minangoja Baba Chola.”

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilimwona Mama Ngoie, aliyekuja kupiga magoti kama nilivyotabiri, na nikamwona mama yangu anaonekana mchoyo, yeye ambaye hakuwa mchoyo. Sikuvumilia. Ushindi ulikuwa wetu, kwa nini tusiugawe? Nikapanda juu ya kinu, nikanyoosha mkono kwenye moshi, nikafungua fundo.

“Chola!” Mama aliita. “Chola, shuka!”

Nilifikiri anaogopa nisianguke.

Kitu ninachokumbuka kwanza ni wepesi wake. Lile hindi lilikuwa jepesi kama ndege aliyekufa. Nikajisemea, limekauka vizuri. Nikashuka, nikapiga goti kama nilivyofundishwa kumpa mkubwa, nikampa Mama Ngoie kwa mikono miwili.

Alifungua maganda. Ndani kulikuwa na gunzi. Gunzi tupu, limepukuchuliwa hadi kwenye mashimo, na maganda yamerudishwa juu yake kwa utaratibu, moja baada ya jingine, kama unavyomvisha mtoto mchanga.

Mama Ngoie alilidondosha. Alipanda mwenyewe juu ya kinu, akateremsha la pili. Gunzi. La tatu. Akawa anayachana na kuyatupa chini, na yote yalikuwa vilevile.

“Panya,” alisema Mama.

“Panya?” Mama Ngoie aliiokota kamba ya gome, akaigeuza geuza machoni. “Panya ya kwenu inakula mbegu, kisha inarudisha maganda, inafunga na fundo? Eh, mama. Unikopeshe hata ile panya.”

Alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, maana maneno yalikuwa mazuri, na yeye hakuweza kuyaacha yapite. Mama Kavira aligeuza uso akaanza kumtengeneza mtoto mgongoni ingawa mtoto alikuwa ametulia.

Mimi nilimwangalia Mama nikingoja aeleze. Nilikuwa na hakika kuna sheria nyingine ya mwezi ambayo hajanifundisha. Alipoendelea kukunja nguo yake, nikaeleza mimi. “Ni mwezi njo ilikula,” nikasema. “Mwezi ikikasirika, inakula mbegu hata mu maganda.”

Na hapo Mwansa, ambaye alikuwa amechuchumaa chini kati ya yale maganda, akaokota moja, akalipeleka puani, uso wake ukafunguka kwa furaha.

“Chola, sikia! Inanukia bukari yetu! Ile ya moshi!”

Hakuna aliyecheka tena, hata Mama Ngoie. Alilaza gunzi juu ya kinu, polepole, kama anarudisha kitu cha watu, akatoka.

Inabidi nieleze kwa wale waliozaliwa mjini mjini. Mwenye njaa ni mtu. Anaomba, anakopa, hata akiiba ni mtu aliyeshindwa na tumbo. Lakini aliyekula mbegu kwao Mama hawakumwita mwenye njaa. Walisema amekula watoto wa mwaka ujao. Hilo neno walimwambia mtu ambaye hawana tena tusi la kumtukana. Mama yangu alizipukuchua usiku, akazitwanga tukiwa tumelala, akatupikia, akakaa pembeni bila kula. Kisha akayavisha yale magunzi maganda yao na kuyatundika ili sisi, na jirani, na Baba akirudi, tukiinua macho tuone nyumba yenye heshima. Mwezi aliutupia mzigo ambao haukuwa wake. Na mimi niliuchukua ule uongo wake nikazunguka nao mtaa mzima kama bendera. Tena nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimelamba vidole na kuimba niongezewe.

Mama hakunipiga. Ningefurahi anipige. Aliokota maganda yote, akayatia motoni, na jikoni kukajaa ile harufu mpaka tukakohoa.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Kavira alirudi peke yake. Alikuwa na bakuli lililofunikwa kitambaa cha meza.

“Bwana asifiwe, mama.”

“Asifiwe.”

“Niko naleta kitu kidogo. Ni mahindi ya mbegu, bwana wangu alibakisha. Nimempa pia Mama Ngoie.”

“Sikuomba.”

“Najua haukuomba.” Aliweka bakuli kwenye kizingiti, si mkononi mwa Mama, ili Mama asilazimike kulipokea. “Mawingu iko inarudi. Mimi sijui mambo ya mwezi, mama, kanisani kwetu wanakataza. Lakini ukiona siku yake imefika, upande.”

Alisema hivyo bila kejeli, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipoondoka, Mama alikaa muda mrefu akiliangalia bakuli. Halafu akafunua kitambaa, akainuka, akaenda kuchukua jembe.

Jembe lilikuwa limelala chini. Siku ile mwezi ulikuwa umekufa. Kwa hiyo hata mimi nilijua, ilikuwa ni siku ya ardhi kukaa matangani. Nikamkimbilia.

“Mama, jembe imelala! Leo hapana!”

“Najua.”

“Itaoza, Mama. Ulisema. Tungoje hata izaliwe kidogo!”

Alinigeukia. Kitambaa chake kilikuwa kimelegea, na niliziona nywele zake mbele ya watu kwa mara ya kwanza. “Chola,” alisema, “hii mbegu ikilala mu nyumba, mi nitaitwanga. Unasikia? Nitaitwanga. Lete kikapu.”

Tukapanda. Yeye alichimba, mimi nikadondosha, Mwansa akafukia kwa kisigino. Ukuta wetu ulikuwa mfupi, na watu walipita kutoka bomba la maji na ndoo zao, wakapunguza mwendo. Sauti ya mtoto ikatoka nyuma ya ukuta, “Batoto ba mwezi! Leo mwezi iko wapi?” na mwanamke akamnyamazisha, lakini baada ya yeye mwenyewe kumaliza kucheka. Mama hakuinua kichwa hadi tuta la mwisho.

Mvua ikaja usiku uleule. Ilikuja nzuri, bila upepo.

Sasa hapa ndipo pananiuma. Kila asubuhi nilitangulia kuamka, nikaenda kwenye matuta, nikapiga magoti na kuomba. Niliomba mahindi yasiote. Nilijua maana yake. Mtoto aliyelala na chai tupu anajua maana yake. Lakini niliona wazi kwamba kama yakioza, mama yangu alisema kweli, siku ya mwezi kufa haipandwi, na mtaa wote ungejua alisema kweli angalau kwa hilo. Na kama yakiota, basi kila shina litakuwa mtu amesimama pale anatangaza kwamba siku yoyote ingefaa, kwamba mwezi haukuwa na neno, kwamba tulichokosa ni mbegu. Nilichagua njaa. Nikamwambia Mungu, tafadhali, iozeshe yote.

Mama alinikuta hapo. Umande ulikuwa bado, na moshi wa kwanza wa jirani ulikuwa umeanza kupanda.

“Unaomba nini?”

Sikuweza kumdanganya. “Isiote,” nikasema.

Nilifikiri sasa atanipiga. Badala yake alichuchumaa kando yangu, magoti yake yakalia, akaanza kuangalia tuta kwa macho ya mtu anayetafuta sindano. Ndipo tukaona chipukizi. Lilikuwa limeinua kipande cha udongo kama kofia, na chini yake kulikuwa na ncha ya kijani, imesokotwa, kali. Kando yake kulikuwa na jingine. Nikageuka kumwangalia Mama nione kama amefurahi, na sikuweza kusoma kilichokuwa usoni kwake.

Nje ya ukuta zikasikika ndala. Mama Ngoie na ndoo yake anakwenda bombani.

Mama akalifunika lile chipukizi kwa kiganja, haraka, kama unavyomfunika mtoto aliye uchi wageni wakitokea. Nami nikafunika la pili.

“Mwamuka, ba jirani,” Mama Ngoie alisema juu ya ukuta. “Munafanya nini hapo chini?”

“Tunapalilia,” alisema Mama.

“Munapalilia nini? Hakuna kitu bado.”

“Hakuna,” alisema Mama.

Mama Ngoie alisimama kidogo na ndoo yake. Sisi tuliinamisha vichwa, mikono juu ya ardhi, tukingoja aende, na chini ya kiganja changu nilisikia kile kitu kidogo kinanisukuma.